Kabla Hujaiamini Saini Kwenye PDF

Wafanyabiashara wengi hufanya hivi: mtu anasaini karatasi nyeupe, anaipiga picha kwa simu, kisha anaibandika picha hiyo kwenye kila mkataba na kila proforma. Ukimuuliza, atakwambia amesaini kidijitali. Hajasaini. Yeyote aliyewahi kupokea barua yake moja anaweza kuikata picha ile na kuibandika kwenye hati ya mkopo asioujua.

Saini ya kidijitali ni hesabu. Programu husoma faili zima na kutoa alama fupi, mfano wa alama ya kidole. Alama hiyo husainiwa kwa ufunguo wa siri alionao mtia saini peke yake, na mpokeaji huihakiki kwa ufunguo wa umma uliomo kwenye cheti. Tuseme mkataba wa fremu Kariakoo unataja kodi ya shilingi 500,000 kwa mwezi. Mtu akiigeuza ile 5 ikawa 8, alama inayotoka haifanani kabisa na ya mwanzo, na programu inakuonya kwamba hati imeguswa baada ya kusainiwa.

Kwa hiyo usiridhike na unachokiona juu ya ukurasa. Hata alama ya vema ya kijani huweza kuchorwa. Fungua hati kwenye kompyuta, nenda sehemu ya saini ya programu yenyewe, usome: cheti ni cha nani, kimetolewa na nani, na je, hati imebadilishwa? Visomaji vingi vya simu havikuonyeshi hayo.

Na programu nazo hudanganyika. Februari 2019, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ruhr, Bochum, Ujerumani, walitangaza kwamba kati ya programu 22 za kompyuta za kusomea PDF walizozijaribu, 21 zilikubali hati iliyochezewa kana kwamba saini yake ni nzima. Walikuwa wamewaarifu watengenezaji kwanza ili warekebishe.

Hapo ndipo ninapowaheshimu wadukuzi wa mashindano. Tangu 2007, katika shindano la Pwn2Own lililoanzia Vancouver, Kanada, washindani huivunja programu iliyosasishwa, waamuzi wakitazama. Visomaji vya PDF, Adobe Reader kikiwemo, vimeangushwa hapo. Mshindi hulipwa, siri ya tundu alilolipata hukabidhiwa mtengenezaji, naye hupewa siku 90 kuliziba. Ule ujumbe wa kusasisha programu unaouahirisha kila asubuhi mara nyingi umebeba kiraka cha namna hiyo. Usiuahirishe tena. Ila ukitaka kujaribu ujuzi wako, jaribu pale uliporuhusiwa: nchini Tanzania, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Mwaka huohuo Tanzania ilitunga Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, inayozitambua saini za kielektroniki. Kenya nayo ilirekebisha sheria zake za biashara mwaka 2020 ili mikataba isainiwe hivyo.

Basi ufunguo wako wa siri usimwachie karani, na nenosiri lake usilibandike chini ya kibodi. Ufunguo huo ukipotea, au ukihisi kuna aliyeunakili, wapigie simu waliokupa cheti wakibatilishe siku hiyohiyo, kisha uwaarifu unaofanya nao biashara.