Moyo Nao Una Kazi Tulapo

Twajua ya kuwa mtu alimapo, au avutapo nyavu ziwani, moyo wake hupiga upesi. Lakini je, akiisha kula na kuketi kimya, moyo nao hupumzika? Wengi hudhani hivyo, wala sivyo.

Na tujipime wenyewe. Kabla ya kula tuketi kimya dakika 10, kisha tuweke vidole viwili juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, tuhesabu mapigo ya dakika nzima. Tule ugali na sato mpaka tushibe, tuketi tena nusu saa, ndipo tuhesabu mara ya pili. Mara nyingi tutaona mapigo yameongezeka kidogo.

Sababu yake ni hii. Moyo wa mtu mzima mwenye afya, apumzikapo, husukuma damu kadiri ya lita 5 kwa dakika. Chakula kikiingia, tumbo na matumbo hutaka damu zaidi, ili kukiyeyusha na kukipeleka mwilini. Mishipa ya huko hupanuka, na damu ipitayo huweza kuongezeka hata maradufu. Basi moyo huongeza mapigo, na kila pigo hutoa damu nyingi zaidi. Na mishipa ya mahali pengine hujikaza, ili msukumo wa damu usishuke. Kazi hiyo huzidi katika saa ya kwanza, nayo huweza kudumu saa 2 au zaidi, hasa chakula kikiwa kingi.

Kwa hiyo mwenye afya akisikia moyo wapiga kidogo baada ya karamu, asiogope, wala asimshuku jirani yake. Hayo si uchawi. Ni moyo utimizao wajibu wake. Lakini aliyeshiba mno asikimbilie kupanda vilima vya mawe vya Mwanza, wala kushika kasia mara ile. Maana misuli nayo hudai damu, na moyo utatumikia mabwana wawili.

Kwa wazee wengine mishipa haijikazi upesi, nao hushikwa na kizunguzungu wainukapo baada ya kula. Hao na wale kidogo kidogo, wainuke polepole. Na mtu abanwaye kifua atembeapo baada ya chakula, asiseme, “Ni kiungulia tu.” Aende Hospitali ya Bugando, au iliyo karibu naye, wala asingoje kesho.