SOMO: Kila kazi ijulikane na watu wawili

Tuseme una duka la ushonaji lenye mafundi watano, na ni mmoja tu anayejua kukata kitambaa. Siku akifiwa nyumbani, wale wanne wanakaa bure. Mteja uliyemwahidi sare Ijumaa anaenda kwa jirani. Cherehani zote ni nzima, lakini kazi imesimama.

Mnakumbuka mwaka wa 2020. Shule zilifungwa mwezi wa Machi, na kazi ya sare ikaisha papo hapo. Aprili serikali ikaamuru watu wavae barakoa hadharani. Barakoa ni kitambaa na lastiki tu, na mafundi wengi waligeukia hizo. Lakini kama ulizoea kushona kola peke yake, ulianzia wapi?

Hebu chukua karatasi. Andika kazi zote za duka, na mbele ya kila kazi majina ya wanaoiweza. Kazi yenye jina moja ndiyo hatari yako. Anza kufundishana hiyo, saa mbili kila juma, wakati kazi ni kidogo. (Si Desemba wala Januari, wakati kila mzazi anataka sare!) Mwanafunzi akate magazeti kwanza, kitambaa ni ghali.

Mkataji atajiuliza, “Nikimfundisha huyu, si nitafutwa?” Usimcheke, ana haki kuogopa. Mwahidi mbele ya wenzake kwamba atabaki, na mwongezee kitu kwa kila anayemfundisha akahitimu. Usipofanya hivyo atafundisha nusu, na ile nusu nyingine atabaki nayo.

Wenye biashara ndogo huogopa mikataba, ati inawafunga mikono. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mfanyakazi wa miezi mitatu au zaidi awe na mkataba wa maandishi. Ukitaka kubadilisha masharti yaliyoandikwa humo, sharti ushauriane naye, kisha umwandikie. Kwa maoni yangu hiyo inakusaidia. Andika tangu mwanzo, “kushona, kukata na kazi nyingine za duka atakazofundishwa,” na siku ya kugeuka hakutakuwa na ugomvi.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Katika biashara yako, ni nani asipokuja kesho kazi inasimama?
2. Yeye mwenyewe anajua hivyo? Je, mshahara wake unaonyesha?
3. Nani atafundishwa kwanza, na siku gani?