Nyumba Isiyo na Mtoto: Mume na Mke Wafanyeje?

Ndugu msomaji, katika nyumba nyingi za mwambao wa Ziwa Viktoria, tangu Mwanza mjini hata Magu, Sengerema na kisiwa cha Ukerewe, harusi haijatimiza mwaka ila jamaa wamekwisha anza kulitazama tumbo la bibi arusi. Mwaka wa pili hunong'onezana. Mwaka wa tatu husema waziwazi. Ng'ombe wa mahari walitolewa, na mtoto hakuonekana. Na lawama yote, bila ya uchunguzi wo wote, hutwikwa mwanamke.

Tuchukue mfano wa mume na mke waliokaa miaka saba bila ya kupata mtoto. Mume ni mvuvi wa dagaa. Mke huwaanika na kuwapeleka kuuzwa soko la Mwaloni, Kirumba. Mke amekwisha zunguka kwa waganga watatu, amekunywa mizizi na kufunga hirizi kiunoni. Siku moja amwambia mumewe, "Baba, twende hospitali sote wawili." Mume ajibu, "Mimi ni mzima, navuta nyavu usiku kucha. Nenda wewe uliye mgonjwa." Mama mkwe naye ashauri, "Mwanangu, oa mwingine, nipate kuona wajukuu kabla sijafa." Mke aomba wamchukue mtoto wa marehemu dada yake wamlee, mume akataa akisema mtoto wa watu hawi wako.

Hapo pana magomvi manne: ni nani aliye na kasoro, tiba itafutwe wapi, je aolewe mke wa pili, na je inafaa kulea mtoto wa mwingine. Tuyatazame moja moja.

Uzazi ni kipawa, si sifa ya mtu

Kurani Tukufu, katika Sura ya 42, aya ya 50 na 51, yafundisha kwamba Mwenyezi Mungu humpa amtakaye watoto wa kike, na amtakaye wa kiume, au humchanganyia wote, na amtakaye humfanya tasa. Tuangalie vema: aya hiyo haikusema kwamba utasa ni wa wanawake tu. Imesema "amtakaye", na neno hilo humwingiza mwanamume kama limwingizavyo mwanamke. Wala haikusema kwamba aliyenyimwa ameadhibiwa.

Ushahidi mkubwa u katika nyumba ya Mtume Mtukufu s.a.w. mwenyewe. Watoto wake walizaliwa na Bibi Khadija na Bibi Mariya tu. Wake zake wengine hawakumzalia. Je, aliwafukuza? La hasha! Bibi Aisha, ambaye hakuzaa, alipewa na Mtume s.a.w. jina la heshima, Ummu Abdillahi, yaani mama yake Abdalla, kwa ajili ya mtoto wa dada yake. Mwanamke huyo asiyezaa akawa mwalimu wa umma mzima. Basi ni nani awezaye kusema kwamba mke asiye na mtoto hana thamani?

Lawama kabla ya kipimo ni dhuluma

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila sita hupatwa na tatizo la kukosa mimba wakati fulani wa maisha yake. Na waganga wa hospitali wanajua kwamba katika karibu nusu ya nyumba zenye tatizo hili, mwanamume ana sehemu yake, ama peke yake ama pamoja na mkewe. Nguvu za mikono si kipimo. Mtu aweza kuvuta nyavu usiku kucha, na kuingia kwa mkewe bila ya shida yo yote, na huku manii yake hayana mbegu za kutosha. Hilo haliwezi kujulikana kwa macho. Hujulikana kwa kipimo chepesi kisicho na maumivu.

Sababu kubwa katika nchi zetu ni magonjwa ya zinaa, hasa kisonono na klamidia, ambayo huacha makovu na kuziba mirija ya uzazi ya mwanamke, na pengine ya mwanamume pia. Ng'ambo ya ziwa, huko Bukoba, wakati wa utawala wa Waingereza palikuwa na hofu kubwa juu ya upungufu wa watoto miongoni mwa Wahaya, na magonjwa haya yalitajwa kuwa sababu. Kati ya mwaka 1991 na 1994, katika vijiji vya mkoa wa Mwanza, ulifanywa uchunguzi mashuhuri: watu walipotibiwa vizuri magonjwa ya zinaa katika zahanati za kawaida, maambukizo mapya ya ukimwi yalipungua kwa kiasi cha asilimia 40. Basi magonjwa yale yale yanayofungua mlango wa ukimwi na kufunga mlango wa uzazi hutibika kwenye zahanati, iwapo mtu atakwenda mapema, tena pamoja na mwenziwe. Akichelewa, dawa yaweza kuua ugonjwa na kovu likabaki.

Pia kuna kichocho. Aina ya kichocho iletayo mkojo wa damu, ambayo kwa upande wetu hupatikana hasa katika madimbwi na majaruba ya mpunga, huweza kuumiza viungo vya uzazi vya mwanamke. Nayo ina dawa, praziquantel.

Tena yawezekana hapana ugonjwa wo wote. Yai la mwanamke hutoka kiasi cha siku kumi na nne kabla ya hedhi ifuatayo, na huishi kama siku moja tu. Mbegu za mume huweza kuishi hata siku tano. Basi siku za kushika mimba ni kama sita tu kila mwezi. Mvuvi wa dagaa hufuata giza. Hurudi nyumbani kupumzika mwezi mpevu unapong'aa na taa zake hazivuti dagaa. Ikiwa siku za mkewe huangukia wakati wa giza, miezi mingi yaweza kupita wasikutane kwa wakati wake. Ndoa ngapi zimevunjwa kwa jambo ambalo lingetengenezwa kwa kuhesabu siku!

Tiba itafutwe wapi

Mtume Mtukufu s.a.w. aliwahimiza waja wa Mungu kutafuta dawa, akaeleza kwamba kila ugonjwa umewekewa dawa isipokuwa uzee. Hirizi si dawa. Humfanya mtu amtegemee asiyekuwa Mungu, tena humpotezea miaka. Na miaka ina thamani, kwani uwezo wa mwanamke kushika mimba hupungua zaidi apitapo umri wa miaka 35. Kanuni ya waganga wa hospitali ni hii: mkikaa pamoja mwaka mzima bila ya kuzuia mimba na isitokee, nendeni mkapimwe, na mke akiwa amepita miaka 35, msingoje zaidi ya miezi sita. Nendeni wote wawili, siku moja. Aanze mume, maana kipimo chake ndicho chepesi. Mke atapimwa damu na, ikilazimu, atapigwa picha ya eksirei kuonyesha kama mirija imeziba.

Wako wanaouliza juu ya mtoto wa kutungwa maabara. Wa kwanza, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Na mwaka 2006 watoto wa namna hiyo walizaliwa Nairobi. Mwaka 1986 wanazuoni wa Baraza la Fikihi la Kiislamu, waliokutana Amman, walikubali njia hii kwa sharti kwamba mbegu iwe ya mume, yai liwe la mke wake, na mimba ichukuliwe na mke huyo huyo, ndoa ikiwa hai. Mbegu ya mtu wa tatu au tumbo la kukodi walivikataa, kwa sababu huchafua nasaba. Lakini gharama yake ni kubwa, na mafanikio si ya hakika. Basi hapana anayelazimika kuuza kiwanja au mtumbwi kwa ajili yake, wala asimlazimishe mwenziwe.

Juu ya mke wa pili

Uislamu umeruhusu mke wa pili kwa sharti la uadilifu. Lakini mume asiyepimwa anaoa kwa kubahatisha. Ikiwa kasoro ni yake, mke wa pili naye hatazaa. Badala ya mwanamke mmoja anayelia, watakuwa wawili. Basi kwanza apimwe. Na akisha kupimwa, aseme na mkewe kwa ukweli, asimletee mwenziwe kama adhabu. Mke naye akiona kwamba mume ndiye mwenye kasoro, asimtangaze sokoni. Mume na mke ni vazi kila mmoja kwa mwenziwe, na kazi ya vazi ni kusitiri.

Mtoto wa kulea

Wakurya wa mkoa wa Mara wana desturi iitwayo nyumba ntobhu, ambayo mwanamke asiye na mtoto humtolea mahari mwanamke mwenzake ili watoto atakaowazaa wawe wa nyumba yake. Desturi hiyo haikubaliani na sheria ya Kiislamu, lakini yatuonyesha jinsi mwanamke anavyoogopa uzee wa upweke. Uislamu umetupa njia iliyo safi zaidi: kumlea yatima. Mtume s.a.w. alisema kwamba mlezi wa yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vidole viwili vilivyo karibu. Kurani Tukufu (33:6) yaagiza tu kwamba mtoto aitwe kwa jina la baba yake. Harithi kama mtoto wa damu, lakini mlezi aweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi moja ya mali yake. Kwa upande wa serikali, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa kuasili mtoto kwa amri ya mahakama. Hivyo yule mvuvi anayesema mtoto wa watu hawi wako amekosea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Wakishindwa kupatana

Kurani Tukufu (4:36) yaagiza mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke, nao wakitaka suluhu Mungu atawapatanisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo ina mabaraza ya usuluhishi. Mama mkwe si mwamuzi. Yeye ni mzazi wa kuheshimiwa, lakini siri ya chumbani si yake.

Nabii Zakaria a.s. aliomba mtoto katika uzee, na mkewe alikuwa tasa. Mungu akamponya mke yule, wakapewa Yahya. Na Kurani Tukufu (21:91) yawasifu kwamba walikuwa wakishindana katika mema na kumwomba Mungu kwa matumaini na hofu. Yawasifu wote pamoja. Haimtaji mmoja akimlaumu mwingine.

Basi, ndugu mume, usiku wa leo mwambie mkeo: "Tutakwenda pamoja." Neno hilo pekee litaondoa nusu ya mzigo wake, hata kabla daktari hajasema lo lote. Mwenyezi Mungu awajalie wanaotamani watoto kizazi chema, na awape waliokosa subira, mapenzi na heshima katika nyumba zao. Amin.