Baiskeli ya bei nafuu: fremu ya chuma au ya alumini?

MCHUUZI wa samaki anayefunga tenga nyuma ya baiskeli pale Feri, Dar es Salaam, na kuelekea Mbagala hana chombo cha akiba. Fremu ikimkatikia njiani, barafu inayeyuka, samaki wanaharibika, na mtaji wa siku unapotea. Kwa mtu wa namna hiyo kununua baiskeli ni uwekezaji sawa na ule wa mwenye daladala anaponunua basi, na kosa la kuchagua hulipiwa kila siku.

Madukani mnunuzi wa kipato cha kawaida hukutana na makundi matatu. Kuna baiskeli nyeusi za mtindo wa zamani, kama Phoenix ya Shanghai, China, au Avon na Hero za Ludhiana, India. Kuna baiskeli za gia zenye rangi za kuvutia na matairi mapana. Kisha kuna za mtumba, nyingi zikiwa zimetoka Japan. Muuzaji akiulizwa tofauti, mara nyingi jibu lake ni moja: "Hii ni alumini, nyepesi, haishiki kutu." Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi kumfanya mtu aongeze fedha.

Kwanza ijulikane madini yenyewe. Chuma chenye ujazo wa sentimita moja kwa tatu kina uzito wa gramu 7.85 hivi, alumini ya ujazo huo huo ina gramu 2.7. Kwa hiyo alumini ina uzito wa theluthi moja tu ya chuma. Lakini ugumu wake wa kutopinda nao ni theluthi moja. Ndiyo maana mabomba ya fremu ya alumini hutengenezwa manene kwa umbo, na fremu nzima haiwi nyepesi mara tatu kama wengi wanavyodhani. Fremu ya chuma cha kawaida, bila uma wa mbele, huwa na kilo 3 hivi, na ya alumini ya bei nafuu kilo 2 hivi. Tofauti ni kilo moja.

Hapa ndipo hesabu ya mchuuzi inapoanza. Tuseme ana uzito wa kilo 65, tenga la samaki na barafu ni kilo 60, na baiskeli ni kilo 20. Jumla ni kilo 145, na huo ndio mzigo ambao miguu yake inausukuma. Akibadili fremu tu, jumla inakuwa 144, nafuu isiyofika asilimia moja. Hata akinunua baiskeli nzima iliyo nyepesi, ya kilo 14, atakuwa amepunguza asilimia 4 tu. Akitoa kidogo maji ya barafu kabla ya kupanda kilima atapata nafuu ya namna hiyo hiyo bila kulipa hata senti.

Hali ni tofauti kwa asiyebeba mzigo. Karani anayekwenda kazini na kuipandisha baiskeli ghorofani, au kijana anayesambaza magazeti, ataziona kilo hizo 6. Kwake jumla inashuka kutoka kilo 85 hadi 79, yaani asilimia 7, na mkono unaoinua baiskeli kwenye ngazi unapunguziwa karibu theluthi moja.

Mwenye kutaka kupima kwa jicho la biashara agawe ongezeko la bei kwa kilo zinazopungua. Kwa bei za mfano, baiskeli ya shilingi 300,000 ikiwa na kilo 20 na ya shilingi 450,000 ikiwa na kilo 15, kila kilo moja imenunuliwa kwa shilingi 30,000. Kisha alinganishe na gharama ya kubadili rimu za chuma na kuweka za alumini. Mara nyingi rimu ndizo zitakazoshinda, na faida yake si uzito peke yake. Rimu ya chuma iliyopakwa kromu ikilowa mvua, raba ya breki huteleza, na baiskeli yenye kilo 60 nyuma husimama mbali sana na pale dereva alipokusudia. Ya alumini hushika vizuri zaidi. Ni ajabu kwamba wanunuzi hubishana kuhusu fremu kutwa nzima na breki wasiziulize.

Kuhusu uimara, tofauti kubwa ni jinsi kila madini yanavyochoka. Chuma kisipobebeshwa kupita kiwango chake kinaweza kustahimili mtikisiko wa miaka mingi, na kikizidiwa huwa kinapinda kwanza. Alumini haina kiwango hicho. Kila mtikisiko, hata mdogo, huhesabiwa, na ufa ukianza unaweza kuishia kwenye kukatika bila onyo la kutosha. Aidha, fremu ya chuma iliyopasuka hushughulikiwa na fundi yeyote mwenye mtungi wa gesi, hata kijijini. Alumini huhitaji mtambo maalum, na hata ikichomelewa vizuri sehemu iliyopata moto hupoteza nguvu nyingi mpaka fremu ipikwe upya kiwandani, jambo ambalo fundi wa mtaani hawezi kulifanya.

Si ajabu basi kwamba baiskeli ya Buffalo, ya shirika la World Bicycle Relief lililoanzishwa mwaka 2005, ilifuata njia ya chuma. Ina uzito unaozidi kilo 20 na keria yake imekusudiwa kubeba kilo 100.

Hata hivyo, chuma kina adui wake, na kwa mchuuzi wa samaki adui huyo yuko kwenye tenga. Maji ya chumvi hutiririka hadi kwenye keria, huingia kwenye mabomba na kutuama chini, kwenye ekseli ya pedeli. Kutu hula kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Dawa yake ni ya bei ndogo: kuosha kwa maji baridi kila jioni, na kumimina oili kidogo ndani ya bomba la kiti baada ya kung'oa nguzo yake. Anayenunua ya mtumba naye aing'oe nguzo hiyo hapo hapo dukani. Ikigoma kutoka, au ikitoka na unga mwekundu, bei ishuke au aiache. Vile vile aangalie saizi ya matairi, kwa kuwa nyingi za Japan hutumia inchi 26 au 27, wakati maduka mengi ya vijijini yamezoea 28.

Mnunuzi aende na sumaku ndogo. Sumaku hushika chuma na haishiki alumini, hata chini ya rangi. Maandishi ya "alloy" yaliyobandikwa kwenye fremu yanaweza kuwa yanahusu rimu au usukani tu. Yale ya kromoli, yaani chuma chenye kromiamu na molibdenamu kidogo, yasomwe hadi mwisho, maana wakati mwingine ni bomba moja au matatu tu yaliyo ya aina hiyo. Kromoli ni nzuri kwa sababu nguvu yake inaruhusu bomba jembamba zaidi, lakini bado ni chuma na hushika kutu.

Uzito nao usichukuliwe kwa maneno. Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wanunuzi wa pamba, hutoa jibu kwa dakika moja. Baiskeli za bei nafuu zenye shokapu mbili ziachwe kwa watoto: shokapu huongeza uzito, hunyonya nguvu ya mguu, na nyingi hazina mahali pa kufunga keria imara.

Wenye maduka ya mikoani wanaofikiria kujaza stoo kwa alumini wazingatie kwamba mteja atarudi na fremu iliyopasuka, na fundi wa jirani hatakuwa na la kufanya. Baiskeli nyeusi haina mvuto, lakini ina soko la kuuzia tena. Stakabadhi iandikwe namba ya fremu, ambayo kwa kawaida hupigwa muhuri chini ya ekseli ya pedeli au kwenye bomba la kiti. Bila hiyo, mnunuzi wa pili atapunguza bei au atakataa kabisa.