Mpaka wa Silabi na Mpaka wa Mofimu katika Vitenzi vya Kifaransa

Mzungumzaji wa Kiswahili anapoanza kuchanganua kitenzi cha Kifaransa, huelekea kudhani kwamba silabi na mofimu hukomea mahali pamoja. Dhana hiyo ina chanzo chake. Katika ninasoma, viambishi ni- na -na- ni mofimu na papo hapo ni silabi. Mipaka hupishana mwishoni tu, ambapo mzizi -som- na irabu tamati -a hutamkwa so-ma.

Katika Kifaransa kupishana huko ndiko kawaida. Parlons (tunasema) kimofolojia ni parl- na -ons, lakini kisilabi ni par-lons. Hata mpaka wa neno hauheshimiwi. Katika nous aimons (tunapenda), s ya kiwakilishi hutamkwa z na kuanzisha silabi ya kwanza ya kitenzi. Katika finit-il (je, anamaliza?), t ya kiambishi tamati cha nafsi huhamia kwenye silabi ya kiwakilishi, na katika aime-t-il (je, anapenda?) huchopekwa t isiyo na maana yoyote, ili silabi hiyo ipate konsonanti.

Jambo zito zaidi ni kwamba silabi hubadili umbo la shina lenyewe. Kitenzi lever (kuinua) hutoa nous levons, ambapo e hufifia katika silabi wazi. Lakini je lève hutamkwa kwa silabi moja iliyofungwa na v, na irabu yake hupanuka kuwa è. Irabu hiyo hutokea pia katika je lèverai (nitainua), kwa kuwa e inayofuata ni ile hafifu, ambayo aghalabu hudondoshwa. Kumwambia mwanafunzi kuwa haya ni mabadiliko ya tahajia ya kukaririwa tu ni kumnyima kanuni iliyo wazi.

Tahajia yenyewe ilichelewa kuitambua kanuni hii. Céder (kuachia) iliandikwa je cède, lakini wakati ujao je céderai, ilhali mazingira ya kifonolojia ni yale yale ya lèverai. Mapendekezo yaliyochapishwa katika gazeti rasmi la serikali ya Ufaransa tarehe 6 Desemba 1990 yaliruhusu cèderai. Umbo la zamani halikufutwa, hivyo mwanafunzi atayakuta yote mawili.