Pembe za Shamba na Alama za Mtihani

Somo: Walawi 19:9-15

Mstari wa 9 na wa 10 unamwagiza mwenye shamba asivune mpaka pembeni. Yanayobaki ni ya maskini na mgeni. Sisi wa Timboroa tunaelewa, maana tunawajua wanaookota viazi vidogo mavuno yakishapita. Lakini mstari wa 15 unamkataza hakimu kumpendelea maskini, kama anavyokatazwa kumwogopa mkubwa. Sura ni moja, Mungu ni yuleyule. Mbona yote mawili?

Sasa tuje kwa shule. Mwaka 2011 serikali iligawa nafasi za shule za upili za kitaifa kwa kuangalia idadi ya watahiniwa wa shule za umma na wa kibinafsi. Kuna watoto wa akademi waliokosa nafasi, na wenzao wa shule za umma wenye alama za chini za KCPE wakaingia. Kesi ikapelekwa Mahakama Kuu kwamba huo ni ubaguzi. Waliolalamika walishindwa. Ukisoma Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 utadhani unasoma Walawi: kinakataza ubaguzi, halafu kinaiagiza serikali iwainue waliobaguliwa zamani.

Mimi naona hivi. Kusahihisha mtihani ni kazi ya hakimu. Alama ya mtoto isiguswe, awe wa nani. Nafasi katika shule iliyojengwa kwa kodi ya wote, hiyo ni shamba, na pembe zake zinaweza kuachwa.

Shida yangu ni kipimo. (Nilisomea biashara, mtanisamehe.) Akademi zingine ni za mabati, na mama anayeuza viazi kando ya barabara analipa karo kidogo kidogo kwa sababu darasa la shule ya umma limejaa. Kwa hesabu ile ya 2011, mtoto wake alihesabiwa upande mmoja na wa tajiri mwenye magari matano. Torati ilitaja mgeni, yatima na mjane. Haikutaja majengo.

Tena, katika Walawi mwenye shamba anaacha mazao yake mwenyewe. Mwaka ule aliyeachilia alikuwa mtoto wa darasa la nane. Tusimwambie mtoto kama huyo kwamba alikosa imani.

Kamati yetu ya basari imegawanyika: wengine wanataka watoto wa akademi waondolewe kabisa kwenye orodha. Mkikutana kwenye seli wiki hii, someni pia Kumbukumbu la Torati 24:19-22, kisha mtuletee maoni: tupime shule, au tupime nyumba anayotoka mtoto?