MKONGE UNAOTEMBEA
Mafunzo ya kukuza nyumbani mmea wa nadra wa nyika ya Kenya

Katika nyika kavu za mashariki ya Kenya, karibu na Bura, huota mmea mdogo ambao wapitao njia wengi huudhania kuwa ni kichaka cha miiba tu. Majani yake ni manene na magumu, rangi yake ni kijani iliyochanganyika na kijivu, na kila jani huishia katika ncha kali iwezayo kutoboa ngozi. Mmea huu haulali chini. Husimama wima juu ya mizizi minene iliyo wazi, kama mkoko usimamavyo juu ya matope ya pwani. Kwa sababu ya mizizi hiyo, na kwa sababu ya namna yake ya kuzaa, wapenzi wa mimea katika nchi mbalimbali wameupa jina la mkonge unaotembea.

Mmea huu hutafutwa sana na watu wapendao kukuza mimea ya nchi kavu nyumbani mwao. Lakini wengi waupatao huuona ukifa baada ya miezi michache, wala si kwa kukosa kutunzwa, bali kwa kutunzwa kupita kiasi. Tena kila unapokufa mmoja chunguni, mwenyewe hutamani kutafuta mwingine, na mara nyingi huyo mwingine hung'olewa porini. Kwa hiyo kujua kuutunza si jambo la urembo wa baraza tu. Ni njia mojawapo ya kuuacha ule wa porini uendelee kuwapo.

JINA NA UKOO WAKE

Watu wengi leo wasikiapo neno mkonge hufikiri ule unaopandwa katika mashamba makubwa kwa ajili ya kamba na magunia. Mkonge huo wa mashamba ni mgeni. Asili yake ni Mexico, nao uliletwa Afrika Mashariki na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf mwaka 1893, ukapandwa kwanza upande wa Tanga. Hata kabla ya hapo watu wa pwani walikuwa na mkonge wao, nao ni mimea ya porini yenye majani marefu ya nyuzi, ambayo wataalamu waliiita Sansevieria. Nyuzi zake zilisokotwa kamba, upote wa pinde na vitu vya kusukwa. Basi mgeni alipofika alipewa jina la mwenyeji.

Mkonge unaotembea ni wa ukoo huo wa wenyeji. Aliyeuandika katika vitabu vya elimu ya mimea ni Peter Bally, mtaalamu kutoka Uswisi aliyefanya kazi miaka mingi katika Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa. Aliuita Sansevieria pinguicula. Neno hilo la pili latoka katika Kilatini, na maana yake ni kitu kilichonona kidogo. Katika miaka ya karibuni wataalamu wameuhamishia ukoo huo wote katika jamii ya Dracaena, kwa hiyo anayeusoma mmea huu vitabuni asishangae kuukuta una majina mawili.

KWA NINI HUVUMILIA UKAME

Mtu akitaka kuutunza mmea vizuri, hana budi kujua kwanza jinsi unavyoishi kwao. Kila mmea una vitundu vidogo sana majanini, visivyoonekana kwa macho, ambavyo kwavyo huvuta hewa. Mahindi, maharagwe na mimea mingi mingine hufungua vitundu hivyo mchana, na kwa njia hiyo hupoteza maji mengi juani. Mkonge huu hufanya kinyume. Hufungua vitundu vyake usiku, wakati wa ubaridi, huvuta hewa na kuiweka akiba ndani ya jani kwa namna ya asidi. Jua likichomoza hufunga milango yake, ukaitumia akiba ile kujitengenezea chakula kwa nguvu ya mwanga.

Zaidi ya hayo, jani lake ni ghala la maji. Ngozi yake ni nene, nayo imefunikwa kwa utando kama nta uzuiao maji yasitoke. Mmea ulioumbwa hivyo waweza kukaa wiki nyingi bila mvua. Lakini jambo usiloliweza ni kukaa na mizizi yake katika tope. Mizizi ikikosa hewa huoza, na uozo hupanda mpaka kwenye majani.

NAMNA UNAVYOTEMBEA

Mikonge mingi ya porini huzaa kwa shina litambaalo chini ya udongo. Huu hutoa shina lake juu ya ardhi. Shina hilo huenda upande, na mwisho wake hutokea mtoto mwenye majani yake mwenyewe. Mtoto huyo huteremsha mizizi minene mpaka iguse udongo, naye husimama juu yake kama ghala la mahindi lisimamavyo juu ya nguzo zake. Kisha yeye naye hutoa shina, na mtoto mwingine huwekwa mbele zaidi. Hivyo kwa miaka mingi jamii moja huondoka mahali pake pa kwanza, hatua kwa hatua. Kila mmea huchanua mara moja tu katika maisha yake. Baada ya maua hautoi tena majani mapya, bali huendelea kuishi kwa muda na kulea watoto.

CHUNGU NA UDONGO

Chungu cha udongo uliochomwa ndicho bora, kwa maana hupitisha hewa na kukauka upesi. Asiyekuwa nacho aweza kutumia debe au kopo, mradi litobolewe matundu kadhaa chini. Chombo kisicho na tundu ni kaburi la mmea huu. Tena chungu kisiwe kikubwa kupita kiasi, maana udongo mwingi usio na mizizi hushika maji mengi.

Udongo mweusi mzito wa pamba haufai hata kidogo. Na uchanganywe hivi: mafungu mawili ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa au changarawe ndogo, na fungu moja la udongo wa kawaida wa bustani. Vipande vidogo vya makaa vyaweza kuongezwa. Mchanga wa pwani usitumiwe kabla ya kuoshwa mara kadhaa kwa maji matamu ili chumvi itoke. Samadi mbichi isitiwe kamwe.

Wakati wa kupanda, mizizi ile iliyo wazi isizikwe yote. Ncha zake ziingie udongoni kiasi cha kuushikilia mmea, na shingo ya majani ibaki juu. Mmea ukiyumba, na uegemezwe kwa mawe mpaka ushike. Baada ya kupanda, usipewe maji kwa muda wa wiki moja, ili majeraha ya mizizi yapate kukauka.

MAJI

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu mwenye huruma huona udongo mkavu akamimina maji kila asubuhi, kama afanyavyo kwa mchicha. Njia iliyo sawa ni kumwagia maji mengi kwa mara moja mpaka yatoke chini ya chungu, kisha kuuacha mpaka udongo ukauke kabisa hata kule chini. Ili kujua, na achukue kijiti kikavu cha mwanzi, akichomeke mpaka chini, akitoe. Kijiti kikitoka na udongo uliogandamana, asubiri. Kikitoka kisafi na kikavu, ndipo amwagie.

Katika joto la Mombasa au Garissa huenda ikawa mara moja kwa wiki mbili. Nairobi, katika miezi ya baridi ya Juni hadi Agosti, mara moja kwa mwezi yatosha, na mara nyingine hata hiyo haihitajiki. Wakati wa masika chungu kilicho nje na kiwekwe chini ya upenu. Tena maji yasiachwe yakasimama katikati ya majani.

Majani yenyewe husema. Yakifanya mikunjo midogo na bado ni magumu, mmea una kiu, nao utapona ukinyweshwa. Lakini yakilegea na kuwa laini kwenye shina lao, hiyo si kiu bali ni uozo, na kumwagia maji wakati huo ni kuumaliza. Mwenye shaka asimwagie.

JUA NA BARIDI

Mmea huu hupenda mwanga mwingi. Mahali pazuri ni barazani au dirishani panapopata jua la asubuhi. Uliokulia kivulini usitolewe ghafula katika jua la adhuhuri, maana utaungua na kupata madoa yasiyofutika. Na uzoezwe kidogo kidogo kwa majuma matatu au manne. Katika sehemu za baridi kama Limuru na Kinangop, ambako umande huganda wakati mwingine, na uingizwe ndani usiku, na udongo wake uwe mkavu.

Chungu kiwekwe mahali ambapo watoto hawachezi. Ncha za majani zaweza kuumiza jicho, na utomvu wa mikonge ya ukoo huu huwadhuru mbwa na paka wakitafuna majani.

UOZO NA WADUDU

Uozo ukionekana, mmea na ung'olewe mara moja chunguni. Sehemu zote laini zikatwe kwa kisu kilichosafishwa kwa moto, mpaka ionekane nyama ngumu isiyo na doa. Kisha mmea uwekwe kivulini penye hewa kwa wiki moja au mbili, mpaka jeraha lifanye kigaga, ndipo upandwe upya katika mchanganyiko mpya. Udongo wa zamani utupwe.

Wadudu wadogo weupe wafananao na vipande vya pamba hujificha kati ya majani na kunyonya maji yake. Na waondolewe kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa katika spiriti, na kazi hiyo irudiwe kila wiki mpaka waishe.

KUPATA WATOTO

Mwenye mmea mmoja aliye na subira atapata mingi. Shina litokapo na kuvuka ukingo wa chungu, asilikate. Na aweke chungu cha pili kando yake, ili mtoto ateremshe mizizi humo. Mtoto akisha kushika udongo na kuwa na majani yake matatu au manne, shina la kati laweza kukatwa kwa kisu kikali. Jeraha la kila upande liachwe likauke. Kazi hiyo yaweza kuchukua mwaka mzima na zaidi, na haina njia ya mkato.

Mikonge ya ukoo huu yaweza pia kuota kwa kipande cha jani kilichokaushwa jeraha lake na kusimamishwa mchangani. Lakini upande uliokuwa chini ndio uingie chini, maana kikigeuzwa hakitoi mizizi. Kwa mmea huu njia hiyo ni ya polepole sana, tena hupoteza jani zuri. Asiyewahi kukuza mmea wa namna hii na aanze kwa ule mkonge wa nyumbani wenye majani marefu ya mistari, ambao asili yake ni Afrika Magharibi, nao hupatikana kila mahali. Akimaliza mwaka bila kuuozesha, yuko tayari kwa ule wa nadra.

MAMA ABAKI PORINI

Mmea unaokua polepole hivi hauzibi upesi pengo la mwenzake aliyeng'olewa. Mtu mmoja mwenye jembe na gunia aweza kuondoa kwa asubuhi moja jamii iliyotembea hapo kwa miaka mingi. Na mikubwa iliyong'olewa kwa nguvu, mizizi yake ikivunjika, mara nyingi huoza kabla ya kushika mahali pengine. Hivyo pori hupoteza na mnunuzi naye hapati kitu.

Kwa hiyo mnunuzi na atazame vizuri. Uliokuzwa chunguni una majani safi yanayolingana na mizizi mizima. Uliotolewa porini aghalabu una makovu ya zamani, majani yaliyokwaruzwa na mizizi iliyokatika. Na amwulize muuzaji mama yake yuko wapi. Muuzaji wa haki atamwonyesha. Na mwenye kutaka kupeleka mimea nchi za nje, hapana budi apate kwanza cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS.

Watu wa nyika ambao mmea huu huota kwao wana faida kubwa kuliko watu wa mbali, kwa kuwa jua, mchanga na joto upendalo vyote wanavyo mlangoni. Chungu kimoja kikitunzwa vema chaweza kuwa vitatu, na vitatu kuwa kumi, bila jembe kugusa pori. Wahenga walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na mmea huu hauna njia nyingine ya kuongezeka.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mkonge unaotembea hufungua vitundu vya majani yake wakati gani, nao hufaidi nini kwa hayo?
2. Mtu atajuaje kwamba udongo wa chini umekauka?
3. Kuna tofauti gani kati ya jani lenye kiu na jani lililooza?
4. Kwa nini shina lenye mtoto lisikatwe kabla mtoto hajashika udongo?
5. Ni dalili gani zinazoonyesha kwamba mmea unaouzwa uling'olewa porini?